Begi la Chini Kabisa

Krrrp. Sauti ya zipu inayofungwa alfajiri, mara moja tu, kwa mkono usiositasita. Hiyo ndiyo sauti ya kwanza anayoikumbuka, kabla ya sauti ya mama yake, kabla hata ya mvua juu ya bati. Ilimaanisha baba anaondoka. Baba yake alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, na mtoto aliyelala chumba cha pili alijua kwamba zipu ikishalia kitafuata kishindo cha mlango, kisha kikohozi cha injini nje, kisha siku nyingi za kungoja.

Huenda ndiyo maana alipokua akawa fundi mabegi. Kibanda chake kiko kwenye ujia wa jengo la maduka, hatua chache kutoka kituo cha mabasi. Cherehani yake ni ile nzito ya kushonea ngozi, na juu yake zipu za kila rangi zinaning'inia kwenye kamba kama nyoka walioanikwa. Watu humjia wakihema, basi limeshapiga honi, begi limepasuka ubavu na nguo za ndani zinachungulia. Yeye hawasemeshi sana. Hupitisha uzi kwenye nta, huchukua shazia, ile sindano nene, hushona. Akimaliza huvuta zipu kwenda na kurudi, sikio limeinama, kama daktari anayesikiliza kifua.

Wenye maduka jirani wanamwita Mama Dharura. Chini ya meza yake kuna ndoo yenye kila kitu ambacho mtu anaweza kukihitaji bila kutarajia: pini, kiberiti, dawa ya kichwa, bandeji, betri, kamba za viatu, chumvi, hata meno ya bandia ya mteja mmoja aliyeyasahau na hakurudi. Muuza simu wa mlango wa pili husema kwamba siku ya kiyama, watu wote wakihangaika huku na huku, Mama Dharura atakuwa pembeni akiuliza nani anataka mwavuli.

Yeye hucheka nao. Lakini usiku akifumba macho huona mambo yanayoweza kutokea, moja baada ya jingine, na hapati usingizi mpaka aliwekee kila moja dawa yake.

Mwaka huu jambo lililomkalia kooni lilikuwa baba yake.

Mzee alikuwa akiishi peke yake tangu mkewe afariki, katika nyumba ya vyumba viwili pembezoni mwa mji mwingine, mwendo wa karibu siku nzima kwa gari. Kwanza alisahau sufuria jikoni, pazia likashika moto. Akalizima mwenyewe, na alipopigiwa simu akasema pazia lenyewe lilikuwa bovu. Kisha akaanguka uani akienda kuanika shati. Alilala pale na shati lake lililolowa, jua likimzunguka, mpaka muuza maziwa wa jioni alipogonga lango na kusikia mtu akimwita kwa heshima, kama anayeomba samahani kwa usumbufu.

Mara mbili binti yake alimwomba ahamie kwake. Mara mbili alikataa. "Mimi sina shida na kwenu," alisema. "Ila nikihama hapa, nitahama kwa miguu yangu."

Kaka mkubwa wa binti huyo, anayefanya kazi nchi nyingine na ambaye mambo yote ya ukoo huyaamulia kwenye simu, alisema maneno mengine. "Utabembeleza mpaka lini? Mwambie anakuja kukusalimia. Akishafika kwako, amefika. Mimi nitamweka shemeji yangu kwenye ile nyumba, isikae tupu. Ataingia Jumapili." Alisema hivyo kama mtu anayeagiza kuku.

Na yeye, mtu wa kuwaza mara mia kabla ya kufanya, akakubali kabla simu haijakatika.

"Baba," alimwambia mzee siku ya pili yake, "tutakuja kukuchukua utusalimie siku tatu. Mjukuu wako amekukumbuka."

"Siku tatu hizo nakuja," mzee akajibu, na furaha iliyokuwa kwenye sauti yake ilimchoma bintiye kuliko kama angekataa.

Binti yake yeye mwenyewe, msichana wa miaka kumi na sita aliyekuwa sebuleni akikunja nguo, alisikia yote.

"Mama, siku tatu kweli?"

"Usinihoji kama uko mahakamani."

"Mimi nauliza tu. Babu akiniuliza niseme nini?"

"Hatakuuliza."

"Akiniuliza?"

Mama yake akaendelea kuhesabu chupa za maji.

Safari walikwenda wote watatu, yeye, mumewe na binti, kwa gari lao ambalo zamani lilikuwa la kiwanda cha mikate. Walilinunua mwaka huohuo, na bado ukifungua mlango wa nyuma asubuhi ya baridi unasikia harufu ya hamira. Mumewe ni kinyozi, mtu wa maneno mengi na mkono mwepesi. Kazi aliyopewa katika mpango ule ilikuwa rahisi. Asubuhi ya kuondoka amtoe mzee uani, amkalishe kwenye kigoda, amnyoe.

"Nimnyoe kwa muda gani?" aliuliza, wakiwa wamesimama jikoni kwa mzee.

"Mpaka nimalize kupakia."

"Baba yako ana nywele kumi na mbili kichwani."

"Basi mnyoe na ndevu."

Kwa hiyo kinyozi alimfunga mzee taulo shingoni na kuanza, polepole kuliko alivyowahi kumnyoa mtu. Alisimulia kisa cha mteja aliyesinzia akaamka na nusu ya sharubu, kisha kisa cha pacha waliokuja kunyolewa kwa tiketi moja. Mzee alicheka mpaka kinyozi ikambidi aondoe wembe shavuni. Vicheko vile viliingia ndani kupitia dirishani, na mwanamke aliyekuwa ndani alifanya kazi huku vikimpiga mgongoni.

Kupakia alifundishwa na baba huyuhuyu. Likizo za shule baba yake alikuwa akimpandisha kwenye lori, wanalala njiani, wanaamka, na mzee, ambaye wakati huo alikuwa kijana mwenye shingo kama nguzo, alimweleza shehena inavyopangwa. Kizito chini. Kinachomwagika mbali na kinacholowa. Kitakachohitajika kwanza kiwe juu. Kisichohitajika njiani kiende chini kabisa, usahau kwamba kipo, mpaka mtakapofika.

Kwa hiyo lile begi kubwa lilikwenda chini kabisa.

Lilikuwa begi la baba la enzi za lori, la turubai nene, ambalo yeye mwenyewe amelibadilishia zipu zaidi ya mara moja. Ndani yake aliweka koti zito la mzee, viatu vyake vya heshima, mashuka mawili, vyeti, mtandio wa marehemu mama uliokuwa umekunjwa kwenye droo, soksi zote. Mwisho akasimama mbele ya picha ya ukutani. Mama yake alikuwa amesimama kwenye ngazi ya lori, mkono mmoja umeshika mlango, anamcheka mpiga picha. Aliitungua, akaiviringa kwenye taulo. Nyuma yake ukuta ulikuwa na mraba wa rangi isiyopauka, safi, kana kwamba mtu ameukata dirisha. Akaitoa kalenda mlangoni na kuitundika pale.

Juu ya begi akapanga sasa akiba ya safari: mablanketi, turubai, maji ya kunywa na maji ya rejeta, kamba, tochi, mkanda wa feni, sanduku la huduma ya kwanza, miwani ya ziada ya mzee, biskuti, chumvi na sukari, mwavuli mkubwa, sufuria ndogo, buti za mvua. Alipofunga mlango wa nyuma ilibidi ausukume kwa nyonga.

Mzee aliingia ndani akijipapasa kidevu, ananukia poda.

"Mkwe leo kaninyoa kama ananipeleka kuoa," alisema. Akachukua kofia yake kitandani, na miwani, akageuka. Macho yake yakatua ukutani. "Kalenda imehamia huku lini?"

"Ilikuwa inapepea pale mlangoni, baba. Nikaona itachanika."

Mzee aliitazama kidogo. Macho yake hayakuwa mazuri tena kwa mambo ya mbali.

"Haya," alisema.

Begi lake mwenyewe alilolipakia usiku lilikuwa mfuko mdogo wa bega: mashati mawili, mswaki, dawa zake. Akauinua ili wote wauone. "Siku tatu, mashati mawili. Ningebeba zaidi mngesema bibi harusi." Akafunga mlango, akatikisa kitasa, akatikisa tena, akampa jirani ufunguo wa akiba juu ya ukuta. "Unisaidie kumwagilia ule mpapai. Jumatatu nimerudi."

"Jumatatu, mzee," jirani akaitikia, na hakumtazama mtu. Kumbe naye alikuwa ameshaambiwa.

Barabarani mzee alikaa mbele. Alikuwa na furaha ya mtu aliyerudishwa kazini. Alisoma vibao kwa sauti, akakumbuka daraja lililokuwa la mbao, akaonyesha mahali alipowahi kukwama siku nne na shehena ya vitunguu hadi lori zima likatoa machozi. "Mkwe," alisema, "gari huendeshi, unalinyoa. Kanyaga."

"Nakuogopea wewe, baba."

"Mimi nimepita hapa kabla hujazaliwa. Niogopee mke wako huko nyuma, hasemi kitu tangu tutoke. Mama, unaumwa?"

"Hapana, baba. Nimechoka tu."

"Huyu akinyamaza ujue anahesabu," mzee alimwambia mjukuu wake bila kugeuka. "Tangu mtoto. Mke wangu mdogo, bibi yako aliwahi kukuambia? Mama yako alikuja safarini na mimi akiwa hivi, kabeba mfuko wa mawe. Nikamuuliza ya nini. Akasema, je, breki zikikataa, tutaweka nini nyuma ya tairi?" Akacheka peke yake. "Na siku hiyo zilikataa, jamani."

Msichana hakucheka. Alikuwa anamtazama mama yake kwa pembeni, na mama yake anatazama nje.

Waliacha mashamba nyuma wakaingia mahali penye vichaka tu, barabara imenyooka, hakuna nyumba. Hapo tairi la nyuma lilipasuka. Gari liliyumba, kinyozi akashika usukani kwa mikono yote miwili, mzee akasema kwa utulivu, "Usikanyage breki, usikanyage, liache lichoke lenyewe," na likachoka, likasimama kando ya lami, limeinama upande mmoja.

Hakuna aliyeumia. Mwanamke alishuka, na moyoni kulikuwa na kitu kama faraja. Pancha alikuwa ameshaiwaza. Jeki ipo, spana ipo, tairi la akiba lipo na lina upepo, alikuwa amelipima yeye mwenyewe.

"Spea iko wapi?" mzee aliuliza, amesimama nje, amejishika kiuno.

Kinyozi alifungua mlango wa nyuma. Akatazama mzigo uliojaa mpaka dari. Kisha akamtazama mkewe, na uso wake ukabadilika.

"Iko chini, baba," alisema. "Chini ya sakafu ya buti."

"Chini ya mizigo?"

"Chini ya mizigo yote."

Kwenye lori tairi la akiba huning'inia nje, chini ya chasi. Unalala chini, unalegeza mnyororo, linashuka, shehena haiguswi hata kwa kidole. Kupakia mwanamke alijifunzia kwenye lori. Gari hili dogo, ambalo halijawahi kupata pancha tangu walinunue, huficha tairi lake chini ya kila kitu, na siku alipolipima upepo buti lilikuwa tupu. Mambo mengi aliyawaza usiku, kitandani, akikodolea dari. Hilo halikumjia.

Mzee alianza kucheka. Alicheka akajishika kwenye gari. "Mimi nimekufundisha nini, mama? Eti? Dereva mzima mimi, mwanangu anakalia spea kama kuku."

"Umenifundisha lori, baba."

"Basi shusheni. Shusheni kinyume cha mlivyopakia, mpange kando kwa mstari, tusitafute kitu. Wacha niwasaidie."

"Hapana," alisema kwa haraka mno. "Hapana, baba, jua kali. Wewe na mjukuu wako nendeni nyuma kule mkaweke matawi barabarani, magari yatuone."

Hiyo ilikuwa kazi ya dereva, na mzee akaikubali. Walikwenda pamoja, yeye na msichana, mkono wake begani kwa mjukuu, wakiinama kuvunja matawi.

"Tumwambie sasa," kinyozi alisema, akishusha mablanketi.

"Si hapa."

"Wapi basi? Nyumbani kwake ulisema si hapa. Kila mahali si hapa."

"Tukishafika. Akishaona chumba chake. Nimekipaka rangi, nimeweka dirisha lenye upepo."

"Mimi nimemnyoa saa nzima," mumewe alisema kwa sauti ya chini, "na kila alipocheka nilitamani nijikate."

Mkewe aliendelea kushusha. Alikuwa amefika chini kabisa. Alilivuta begi kubwa kwa mikanda yake, akalikokota mpaka mwisho wa mstari wa vitu, akalitupia blanketi. Ukiliona hivyo ungesema ni furushi la matandiko. Sakafu ya buti ikainuliwa, tairi likatoka.

Mzee alirudi mapema kuliko bintiye alivyotaka. Magoti yalikuwa yamemchoka, alitembea akitafuta ardhi kwa mguu. "Weka jiwe mbele ya tairi la mbele kwanza," alimwambia kinyozi aliyekuwa amepiga magoti na jeki. "Legeza nati kabla hujanyanyua. Hivyo." Akatazama kushoto na kulia kutafuta pa kukaa. Sufuria, chupa, sanduku, buti. Na blanketi.

"Baba, ngoja nikuletee..."

Alikuwa ameshakaa.

Ikasikika sauti ndogo chini yake, kavu, kama mtu anayevunja biskuti.

"Nimevunja nini?" mzee aliuliza. Akajiinua kwa tabu, uso wake umejaa aibu ya mgeni aliyevunja kikombe cha watu. Akafunua blanketi. Akaliona begi lake.

Mzee aliinama, akafungua zipu, akaingiza mkono. Alitoa koti zito, akaliweka juu ya blanketi. Viatu vya heshima. Mtandio, ambao aliushika kidogo bila kuukunjua. Kisha taulo lililoviringwa, na alipolifungua vipande vya kioo vilianguka kwenye buti za mvua. Aliitoa picha kwenye fremu taratibu, akaipuliza, akaigeuza kuona kama imechanika. Haikuwa imechanika.

"Siku tatu," alisema.

Binti yake alisimama mbele yake mikono imeshuka.

"Siku tatu, na koti la baridi. Na mama yako wa ukutani." Akamgeukia kinyozi. "Na wewe ulikuwa unaninyoa."

"Nilikuwa nakunyoa, baba."

"Ulininyoa polepole."

Kinyozi aliinamisha kichwa, akaegemea spana.

"Na wewe?" Mzee alimuuliza mjukuu.

"Nilimwambia mama, babu." Machozi yalikuwa yakimtiririka msichana na hakuyafuta. "Nilimwambia."

"Nani yuko nyumbani kwangu?"

"Hakuna mtu bado," mwanamke alisema. "Jumapili ataingia shemeji yake kaka."

Mzee aliitikia kwa kichwa mara kadhaa, kama mtu anayepewa maelekezo ya njia. Gari moja kubwa lilipita, upepo wake ukainua pembe za blanketi, na alingoja lipite.

"Nimebeba mizigo umri wangu wote," alisema. "Saruji, mchele, mabati. Sijawahi kuuliza mzigo unakwenda wapi. Haustahili kuulizwa. Umefungwa, umepakiwa, basi. Sikujua inavyokuwa ukiwa upande wa pili wa kamba."

"Baba, ulilala uani siku nzima."

"Nililala."

"Nilikuomba mara mbili. Ningekuuliza tena ungekataa."

"Ningekataa."

"Sasa ningefanya nini?"

"Ungeniuliza tena," mzee alisema. "Ningekutukana, halafu ungeniuliza tena. Mimi ni baba yako. Kazi yangu ilikuwa kukataa mpaka nichoke. Hukuniacha nichoke."

Alilisema bila kupandisha sauti, na lingekuwa jepesi kama angepandisha. Mwanamke alikaa chini palepale kwenye kokoto. Alikuwa na dawa ya kila kitu mstarini pale, amezipanga mwenyewe, na hakuna hata moja aliyoweza kuinyooshea mkono.

Kazi ilibidi iishe. Kinyozi akafunga tairi la akiba, na mzee, kwa kuwa hakuweza kuona kazi ikifanywa vibaya, alimwelekeza akiwa amesimama mbali, picha mkononi. Usikaze kwa kuzunguka. Kaza moja, ruka upande wa pili. Shusha jeki. Sasa kaza tena. Lile lililopasuka likatupwa ndani, vitu vikarudishwa ovyo, mablanketi juu ya maji, buti juu ya biskuti. Mwisho lilibaki begi kubwa pale kando ya barabara, zipu wazi, na hakuna aliyeligusa.

"Baba," mwanamke alisema. Alikuwa amesimama sasa. "Tukiendelea mbele, chumba kipo. Tukigeuza, nitageuza. Sema wewe."

"Unauliza au unaagana na aibu?"

"Nauliza."

Mzee alitazama mbele, kule barabara ilikokuwa ikienda. Kinyozi alijifuta mikono ambayo ilikuwa imeshatakata.

"Nirudishe nyumbani," alisema.

Mwanamke alikunja koti, akalirudisha kwenye begi, na viatu, na mtandio. Alipomaliza alimpigia simu kaka yake, akiwa amegeukia vichaka. Hakuzungusha maneno. "Baba anarudi kwake," alisema. "Mwambie shemeji yako atafute pengine." Kaka yake aliongea kwa muda, na waliokuwa garini walisikia sauti yake ikitoka kwenye simu kama nyuki ndani ya kopo. Alipiga kelele kuhusu sufuria, kuhusu uani, kuhusu watu wasio na msimamo. Mwisho akapunguza sauti, akamuuliza swali moja ambalo ndilo aliloulizwa na dari ya chumba chake kila usiku. Na mzee akianguka tena, na safari hii muuza maziwa asipite?

Mwanamke akaikata simu.

Kinyozi aligeuza gari. Matawi waliyoyaweka walisimama kuyaondoa, msichana akashuka akayatupa kando moja moja, akarudi akakaa mbele, kwa sababu mzee alikuwa amekataa kiti cha mbele. Alikuwa amekaa nyuma sasa, karibu na bintiye, begi kubwa katikati yao, picha isiyo na kioo juu ya mapaja. Hakusoma kibao chochote kwa sauti. Kinyozi alijaribu kuanza kisa cha mteja fulani, kikamfia mdomoni.

Walipita mahali pa vitunguu. Mzee alipatazama mpaka pakapotea nyuma.

Mwanamke alikuwa akihesabu. Bafuni, aweke chuma cha kujishikia. Jirani, aombwe agonge ukuta asubuhi na jioni. Muuza maziwa, namba yake. Jiko, mtungi, funguo, kengele. Kila alipomaliza alianza upya, na kila mara, baada ya yote, uani palikuwa palepale, na shati lililolowa, na jua linazunguka.

"Mama," mzee alisema. Sauti yake haikuwa laini, lakini ilikuwa yake. "Umenyamaza tena. Unahesabu nini?"

Alitaka kusema hakuna kitu. Alikuwa na jibu hilo tayari, amezoea kulitoa kama pini kwenye ndoo. Alitazama mikono ya baba yake juu ya picha, mishipa imesimama, vidole viwili vina mikwaruzo midogo ya kioo ambayo hakuna aliyekumbuka kuifunga.

Gari lilikuwa likipiga kelele, na mumewe mbele hakusikia, wala binti yake. Alisema kwa sauti ndogo, karibu ya pumzi tu.

"Naogopa, baba."